Spika ya Tano Chumbani kwa Bi Kinu

Siku kiti cha Bi Kinu kilipotolewa sebuleni, hakuna aliyemuuliza. Alikuwa uani anaanika nguo. Aliporudi ndani, mikono bado inachuruzika maji, akakuta pale anapokaa miaka yote pamesimama kijiti cheusi cha chuma, na juu ya kijiti kisanduku kidogo mfano wa kopo la majani ya chai. Kiti chenyewe, kile cha mbao ngumu chenye mikono iliyong'aa kwa kushikwashikwa, kilikuwa kimesukumwa nje ya mlango wa jikoni, na mtu ameshatua beseni la vyombo vichafu juu yake.

"Nani kafa humu ndani?" akauliza.

Maana alivyolelewa yeye, kiti cha mtu hutolewa nje mwenyewe akishazikwa.

Mwanawe alikuwa amepiga magoti, kichwa kimezama nyuma ya runinga, anahangaika na nyaya. Akajitoa huko, vipande vya nywele za watu bado vimemganda shingoni, kwa kuwa ni kinyozi, ana kibanda chake penye njia panda, na siku hiyo alifunga mapema. Akamgeukia mama yake, akafungua kinywa kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"MAMA! HII! NI SPIKA! YA NYUMA!"

"Nimeuliza nani kafa. Sikuuliza jina la hicho kidubwasha."

"SPIKA, MAMA! YA SINEMA! YA NYUMBANI!"

"Ukinipigia kelele tena nitakutandika na hiyo sinema yako."

Mkaza mwana alikuwa kwenye kochi, anakunjua nyaya zilizofungwa kama nywele za kusuka. Akamwambia mumewe taratibu, bila kuinua macho, "Mwache, mume wangu. Hajasikia."

Hajasikia! Hasira ya Bi Kinu ilianzia hapo, kwenye neno hilo, na mpaka leo haijafika mwisho wa safari.

Sasa msije mkadanganyika kama walivyodanganyika wale. Bi Kinu si kiziwi, na hajawahi kuwa kiziwi hata siku aliyougua surua. Bi Kinu anasema kwa nguvu, basi. Alisimamia mashine ya kusaga nafaka kule sokoni tangu ujana wake mpaka magoti yalipomgomea, na penye mashine mtu hanong'oni. Mwenye gunia anapiga kelele, mwenye mashine anajibu kwa kelele, na kila mmoja anamtazama mwenzake mdomoni. Anayesema kwa adabu huondoka na unga wa mtu mwingine. Ndiyo sauti aliyokwenda nayo nyumbani, ndiyo aliyobembelezea watoto, na watoto walilala. Masikio yake je? Kila asubuhi aliyaziba kwa pamba, akafunga kitambaa juu, akakaza fundo. Kwa hiyo koo ndilo lililochakaa. Masikio alirudi nayo mazima, na mpaka sasa anasikia mchwa akila mlango.

Mume alikwenda kutafuta kazi, akapata mke mwingine, akaishia huko. Bi Kinu hakumlilia. Alisaga. Nyumba hii, sebule hii ambayo leo ina kijiti cha chuma, ilipanda tofali kwa tofali, naye anarudi jioni kope nyeupe kama za mzimu, watoto wanamkimbilia na kumpuliza unga usoni.

Mkaza mwana alitoka nyumba ya watu wapole, wanaosemezana chini chini kama wanaoogopa kuamsha mbwa. Siku ya kwanza alipofika, Bi Kinu alimpokea langoni, "KARIBU MWANANGU!" na binti wa watu akarudi nyuma hatua mbili akidhani anafukuzwa. Tangu hapo akajiwekea hesabu yake: anayesema kwa nguvu hasikii. Akampa mumewe hesabu hiyo kwenye mto, na maneno ya mto hayana wa kuyapinga. Yeye angalau ana udhuru, hakuwapo. Lakini kinyozi? Kinyozi aliyelala juu ya magunia ya pumba, mashine inanguruma, akimwona mama yake akigeuka kwa kuwa kasikia mkanda unaanza kulegea? Naye akaanza kumpigia mama yake mayowe, neno moja moja, kama anayemfundisha kasuku. Hilo ndilo lililomkata Bi Kinu maini.

Tuje kwenye hiyo mitambo. Risiva, ndilo jina la lile lidude kubwa linalogawa sauti, kinyozi aliinunua kwa mteja wake aliyekuwa anahama mji. Nzito kama jiwe la kusagia, ina vitundu nyuma visivyo idadi, vyekundu na vyeusi. Ilikaa chini ya kitanda kama bwana asiyepata mchumba, kwa sababu spika za kuifaa zilikuwa kubwa mno kwa sebule ile. Kisha akaona dukani fungu moja la spika ndogo: tano zinazofanana kama mayai ya kuku mmoja, pamoja na sabufa, lile boksi la sauti nzito. Akamuuliza muuzaji, je, hizi ndogo zitakubaliana na risiva yangu kubwa? Muuzaji akamwambia tazama namba nyuma ya spika, tazama namba nyuma ya risiva, zikipatana hakuna kuungua kitu; na uiambie risiva kwamba spika zako ni ndogo, mzigo wa sauti nzito uende kwa sabufa. Kinyozi akatazama, namba zikapatana, akarudi nyumbani anaruka kama aliyejibiwa posa.

Ndoa basi ikakubalika. Mbili mbele, huku na huku ya runinga. Mbili nyuma ya makochi, na moja ya hizo ndiyo iliyokalia pahali pa Bi Kinu. Sabufa pembeni. Ikabaki moja, ya tano. Picha kwenye katoni ilionyesha kuwa hiyo inakaa katikati, chini ya runinga. Lakini chini ya runinga, juu ya kabati, mkaza mwana ana maua yake ya plastiki na picha ya harusi.

"Maua yangu hayahami," akasema.

Na kweli hayakuhama. Sikilizeni vizuri hapo. Kiti cha mwenye nyumba kilihama kwenda kukaa na beseni. Maua ya plastiki yalibaki.

Kinyozi akakuna kichwa, akaleta busara ya kibandani. Kule kwake ana redio moja yenye spika mbili, moja ndani kwa anayenyolewa, moja nje kwa wanaosubiri, na zote mbili zinasema lile lile. Akaona spika ni spika. "Hii ya tano tumpelekee Mama chumbani," akasema. "Si hasikii? Itakuwa karibu na sikio. Atatazama nini tena sebuleni? Apumzike." Akauvuta waya mrefu kupitia juu ya mlango, akapigilia msumari ukutani juu kabisa ya mto wa mama yake, akakitundika kile kisanduku. Akampigapiga begani. "SASA UTASIKIA, MAMA!"

"Kiti changu," akasema Bi Kinu.

"UNA SPIKA YAKO MWENYEWE!"

"Nimesema kiti changu."

Kinyozi akaenda zake. Walijaribu kwa nyimbo za kwenye simu, nyimbo zikalia vizuri sebuleni, sabufa ikatikisa vijiko. Wakafurahi, wakapeana mikono.

Jioni ikaanza tamthilia. Nyumba nzima, mtaa mzima, ulikuwa umeshikwa na ile tamthilia ya mzee tajiri mwenye jumba, ambaye alikuwa anakufa wiki baada ya wiki bila kufa, na kila mtu kitandani pake anangoja aseme jumba anamwachia nani. Bi Kinu alikuwa amelala kifudifudi na hasira zake. Mara juu ya utosi wake mwanamume akakohoa, akasema, "Funga mlango, binti yangu."

Akaruka. Akashika kandambili. Hakuna mtu. Kisanduku.

Kule sebuleni mambo yalikuwa mengine. Walisikia mvua ya kwenye picha, nyuma na mbele, mpaka mkaza mwana akatazama dari. Walisikia vinanda, milango, gari likiondoka. Midomo ya watu waliiona ikicheza, lakini maneno yalikuwa kama ya mtu aliyefunikwa shuka.

"Mbona wanamung'unya?" akauliza mkaza mwana.

"Waigizaji wa siku hizi," akasema kinyozi. "Ngoja niongeze."

Akaongeza. Mvua ikawa gharika. Na kwa Bi Kinu, ambaye hakuwa na mvua wala kinanda, alikuwa na maneno matupu, kila kilichoongezwa sebuleni kilimshukia yeye. Mke mkubwa na mke mdogo wakawa wanatukanana ndani ya sikio lake. Akaifunika spika kwa mto. Akaivalisha sweta. Mwisho akatoka mpaka mlango wa sebule.

"PUNGUZENI!"

Mkaza mwana akamtazama kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko kofi. "Masikini," akamwambia mumewe, "hata anachosema hajui. Asiyesikia anasema punguzeni."

"MAMA, USIPIGE KELELE, TUNATAZAMA!" kinyozi akapaza.

Bi Kinu akarudi chumbani. Angetaka angesema pale pale: maneno yenu yote yako kwangu, nyinyi wajinga. Hakusema. Mtu aliyeitwa kiziwi ndani ya nyumba aliyoijenga hana wajibu wa kumfundisha mtu kusikia. Akakaa kitandani, mikono kifuani, akasikiliza tamthilia yote bila picha, kwa hasira, akawajua wote kwa pumzi zao.

Wiki zikapita hivyo. Sebuleni walikuwa wanabishana kila jioni nani kasema nini, kinyozi anasukuma spika za mbele huku na kule, anabonyeza rimoti mpaka kidole kikaota sugu, analaumu fungu zima kuwa ni dogo, halina nguvu ya maneno. Mvua ya kweli nayo ikaanza, na kiti kikabaki pale pale uani. Bi Kinu alikivuta mara mbili chini ya ukingo wa bati. Mara mbili alikuta kimesogezwa tena kwa kuwa kinaziba njia ya ndoo. Mara ya tatu akaona mkono wa kulia umeanza kupasuka. Akakaa juu yake hivyo hivyo kilivyolowa, mbele ya mlango wa jikoni, akakataa kuingia ndani mpaka nguo zikamganda mwilini. "Mama atatuletea homa," akasema mkaza mwana. Kiti hakikuingizwa.

Homa ikampata yeye mwenyewe, na aliyekuja kumtazama ni shoga yake wa tangu usichana, mkunga mstaafu, aliyempokea kinyozi kwa mikono yake pamoja na nusu ya mtaa. Mkunga akaketi ukingoni mwa kitanda, kisanduku kikaanza.

"Ee, shoga, umeolewa?"

"Nyamaza usikilize."

Akasikiliza. Kisha akatoka kwenda kuomba maji sebuleni, akasimama kidogo nyuma ya kochi, akarudi kashika mbavu.

"Shoga! Kule wana ngoma, huku una wimbo! Umewaambia?"

"Waniambie wao kwanza kiti changu kiko wapi."

"Waambie bwana, usife na roho ngumu."

"Roho hii ndiyo iliyoezeka bati unaloliona. Nikiwaambia, watachukua maneno yao, na mimi watanibakishia msumari."

Mkunga akaona ni kweli.

Basi ikafika jioni ya mwisho ya tamthilia, jioni mzee tajiri alipokuwa hana budi kufa. Kinyozi akawaalika wakwe, baba na mama wa mkewe, waje kuona sinema ya nyumbani. Makochi yakafutwa. Maua ya plastiki yakaoshwa kwa sabuni. Kabla hawajafika, Bi Kinu akamwendea mwanawe, akashusha sauti yake mpaka chini kabisa ilikoweza kufika.

"Leo wakwe wanakuja kwangu. Nataka niwapokee nimekaa kwenye kiti changu."

Kinyozi akatazama kijiti cha spika, akatazama saa. "MAMA, NIKIITOA HII SAUTI INAHARIBIKA. UTAWASALIMIA, KISHA UTAPUMZIKA. MKUNGA ATAKUJA KUKAA NAWE."

Akawasalimia amesimama. Akapumzika. Mkunga akaja.

Sebuleni taa ikapunguzwa. Mzee yuko kitandani, wake zake wamemzunguka, mvua inanyesha ndani na nje. Akamwita binti yake mdogo kwa kidole. Akafungua mdomo.

"Kasema nini?" akauliza baba mkwe, mzee mpole, mkono nyuma ya sikio.

"Kasema... nyumba... sijui," akasema mama mkwe. "Jamani, mbona vinanda vinamziba?"

"Ngoja niongeze," akasema kinyozi, jasho linamtoka.

Akaongeza, tena na tena. Sabufa ikapiga hata picha ya harusi ikainama kifudifudi. Na chumbani kwa Bi Kinu, mgonjwa aliyekuwa akikata roho kwa mnong'ono akanguruma kama mpiga mnada.

"Kwa sauti hii," akasema Mkunga, "huyu hafi leo."

"Sss!"

Mzee akasema alilokuwa nalo. Akamtaja aliyemwachia jumba, akasema na kwa nini. Mkunga akapiga makofi, akaruka kutoka kitandani. "Aaa! Kumbe! Kumbe ni huyo, mwana wa watu!" Kicheko chake kikapita ukuta, kikapita sabufa, kikawafikia wakwe.

Sebuleni wakatazamana. Kinyozi akaja mbio, nyuma yake mkewe, nyuma yao wakwe wote wawili, wakajazana mlangoni.

"MAMA! AMESEMA NINI?"

Bi Kinu akaweka kiganja sikioni. "Eti?"

"MZEE! KASEMA NINI?"

"Pandisha sauti, mwanangu. Mama yako kiziwi."

Baba mkwe akageuka kumtazama binti yake. "Si mlituambia mkwe hasikii? Nimekuja humu napanga nitamwamkiaje kwa ishara. Mbona kasikia yeye, tukakosa sisi tuliokaa na mitambo?"

Mkaza mwana akainama, akatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo.

"Na huyu," Mkunga akadakia, anamnyooshea kinyozi kidole, "huyu nilimpokea mimi, alitoka kimya, tukamchapa ndipo akalia. Naona leo anataka kuchapwa tena."

Kinyozi akapiga hatua moja ndani. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo Bi Kinu hakuwa ameisikia ikielekezwa kwake tangu mkewe alipoingia nyumba ile, "Mama. Naomba utuambie."

"Hee! Sasa umesema kama mtu. Mimi nami nakuuliza kama mtu: kiti changu kiko wapi?"

Kinyozi akaenda uani, akarudi nacho kutoka mvuani, maji yanamwagika miguuni mwake, mkono wa kulia unaning'inia kwa msumari mmoja. Akakifuta kwa taulo lake la kazini mbele ya wakwe zake. Akang'oa kile kijiti, akakisukuma ukutani, akaweka kiti pahali pake. Bi Kinu alikuwa hajaja kukaa. Alikuwa amepanda kitandani, amekikamata kisanduku kwa mikono miwili, akakiondoa msumarini, akaja nacho sebuleni anauburura waya nyuma kama anayetoka mnadani na mbuzi. Akafika kwenye kabati. Akayachukua maua ya plastiki, akamkabidhi mkaza mwana kifuani.

"Shika maua yako. Leo yamehama."

Akakitua kisanduku chini ya runinga, katikati. Papo hapo mwanamke mmoja ndani ya runinga akasema, safi kama kengele, neno kwa neno, kwamba sabuni hii haichubui mikono. Wote wakashtuka. Tamthilia ilikuwa imekwisha; yalikuwa matangazo.

Kinyozi akainama kuitazama ile spika. "Kumbe hii ndiyo inayobeba maneno," akasema. "Nilidhani zote zinasema lile lile."

"Ulidhani!" Sasa Bi Kinu akaiachia ile sauti ya sokoni, yote, na madirisha yakaisikia. "Ulikwenda dukani ukauliza kama lidude linapatana na vidude, ukageuza namba ukatazama, ukahakikisha hakiungui kitu! Mimi nani aliyenigeuza akatazama? Nani aliyeniuliza, Mama, unasikia? Swali moja! Ungeniuliza kwa kunong'ona, uko jikoni na mimi niko langoni, ningekujibu! Ukamsikiliza asiyewahi kuniona penye mashine, ukanitundikia kopo utosini, ukanitupia kiti kwenye mvua!"

Sabufa ilikuwa inanguruma chini kwa chini na tangazo la benki, na kinyozi akanyanyua rimoti akaizima, maana hakustahimili tena.

Bi Kinu akaketi. Kiti kikalia, kimelowa, nguo ikamshika nyuma, hakujali. Akawageukia wakwe. "Karibuni," akasema. "Sasa ndiyo mmefika."

Kiti kiko pale pale mpaka leo, mkono umefungwa kwa waya mwekundu na mweusi uliobaki. Spika ya nyuma imehamia ukutani juu, na sauti haikuharibika hata kidogo. Kinyozi siku hizi humsemesha mama yake taratibu, na akijisahau akapaza, Bi Kinu huangalia pembeni mpaka mwanawe aanze upya. Hajamsamehe. Anakula naye, anamwombea, hajamsamehe.

Na lile alilosema mzee tajiri hakuwaambia. Mkunga naye kaapishwa. Mkaza mwana kajaribu kwa chai ya maziwa, kajaribu kwa kitambaa kipya cha kichwani, kajaribu kumkanda magoti. Juzi kaja tena, kapiga magoti karibu na kiti, sauti laini kabisa.

"Mama, jamani. Jumba alimwachia nani?"

"Subiri nikiwa nakata roho," akamjibu Bi Kinu, "nitakunong'oneza. Lakini uangalie umekaa upande wenye spika."